Upepo Uliomchukua Baba

Jumamosi, Kibirichia. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na niko peke yangu kwenye nyumba ya mama.

Nimeishi miaka arobaini na tatu nikiamini kwamba baba alichukuliwa na upepo.

Huku kila mzee ana habari za upepo ule mkubwa. Uliangusha mikaratusi, ukang'oa mabati, ukasukuma ng'ombe hadi bondeni. Hadi leo watu huhesabu umri kwa huo upepo: huyu alizaliwa kabla, yule baadaye. Mimi nilikuwa na miezi minane. Mama alisema paa lilienda, na baba akaenda nalo. Darasa la tatu niliandika hivyo kwenye insha, mwalimu akanipa pole mbele ya wenzangu.

Mama tulimzika mwezi uliopita. Leo nilipitia kwa Mama Kinya, jirani yetu wa miaka yote, nikamwuliza baba alizikwa wapi. Nilitaka majina yao yakae pamoja kwenye msalaba.

Akaacha kumenya viazi.

"Azikwe wapi? Baba yako alienda Manyatta kutafuta mabati. Akapata mke huko."

"Lakini mama alisema upepo."

"Watu walikuwa wanamwuliza kila siku, mwanangu. Siku moja akajibu hivyo, tukamwachia. Mwishowe hata sisi tukawa tunasema hivyo."

Kisha akaniambia kwamba baba alirudi mara moja, nikiwa darasa la pili. Alisimama nje ya geti tangu asubuhi hadi saa nane. Mama hakufungua.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Shuleni."

Shuleni.

Nimerudi nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nimemkasirikia mama, na siwezi kumwuliza lolote. Nimemhurumia pia, maana alibeba hilo jambo peke yake mpaka kaburini. Sina ndugu. Nimepitia majina kwenye simu toka juu mpaka chini, sikuona wa kumpigia.

Mama Kinya hajui kama baba yuko hai.

Jumatatu nitaomba ruhusa kazini niende Manyatta, niulizie mzee aliyetoka Kibirichia miaka ile. Nikimpata, sitaanza na kwa nini aliondoka. Nitamwambia kwanza kwamba mama amefariki.

Ila kabla ya hapo itabidi nimsalimie, na sijui nitamwitaje.