Ukili wa Mama

Mdogo wangu Salma,

Assalamu alaikum. Huku kwenye milima ya Omani tunalala kijumba cha mbao, na asubuhi baridi yake ni ya kuvaa soksi. Bosi kaleta familia nzima kutoka Doha, na mimi mpishi wao nimo.

Jana wakanipeleka kwenye tamasha la sanaa la majira ya machipuko. Wao wakaenda kutazama picha za kuchora, mimi nikaganda kwa bibi mmoja anayesuka ukili wa kushonea mikeka. Kumbe amekulia Unguja. Nikamweleza kwamba mama yetu alifariki ukili wake haujatimia mkeka, na sisi kila tukiuendeleza unafumuka. Akanipa miyaa, yale majani makavu ya kusukia, nijaribu, kisha akacheka.

"Mwanangu, wangoja mwaa uishe ndo uunge? Huu hata paka ataufumua. Mpya ulaze juu ya wa zamani kabla haujaisha, uisuke pamoja."

Nikarudia mbele yake. Akauvuta kwa nguvu zake zote, ukakaa. Alhamdulillahi.

Basi ule ukili ulio chini ya kitanda chetu hapo Doha, mtaani Najma, unaosema unatujazia chumba, usimpe mtu. Bibi kanipa fungu zima la miyaa. Tutaanzia pale mama alipoishia, na Ramadhani tutaswali juu ya mkeka wake, inshallah.

Mungu akulinde, na usile mkate mkavu kila siku kwa uvivu wa kupika.

Dada yako,
Mwanaidi