Usiyalaze Maji

Mutheu wangu,

Huku Kola mbaazi zimekomaa, na babu yako bado anabishana na redio. Unasema matumbawe yanafifia kwenye tangi la hoteli huko Mombasa, na hujui pampu ipitishe maji kwa kasi gani kwenye tangi la chini la kuchujia. Bahari siijui, lakini maji nayajua.

Nikiwa msichana, mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, kilijenga ukuta mtoni ili unase mchanga wa kututunzia maji. Wenye haraka wakauinua wote msimu mmoja. Mvua ikaja, maji yakasimama, yakatuachia matope. Majirani wa juu waliuinua wa kwao kidogo kidogo; maji yakapita na matope yake, mchanga safi ukabaki.

Kwa hivyo usiyalaze maji. Ongeza kasi mpaka uchafu usitulie kule kwa samaki, kisha punguza mpaka mapovu yasirudi juu kwa samaki. Hapo katikati ndipo. Matumbawe yakitaka mawimbi, yape pampu yao humo humo kwenye tangi la samaki.

Ukuta wetu bado umesimama, mrefu kuliko kuta zote mtoni. Ng'ombe wanakunywa hapo. Sisi tunateka kwa majirani.

Ni mimi susu, nyanya yako.