Barua Yako Niliyoikalia Siku Mbili

S.L.P. 25417,
Kawangware, Nairobi.
22 Oktoba 1995

Mpendwa mdogo wangu Filister,

Pokea salamu zangu, za mume wangu Nicanor na za watoto. U hali gani huko Florida? Ule mkono uliokatwa na kioo umepona? Sisi tu wazima, ila Daisy anakohoa, na goti langu ni lile lile. Mama pia ni mzima. Leo amekula samaki mpaka kichwa.

Barua yako ilifika. Nimeisoma mara nyingi hata naweza kumfundisha mtu jinsi kimbunga kinavyozaliwa: bahari hupata joto, mvuke hupanda juu, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza pengo, mpaka yote huanza kuzunguka kwa sababu dunia nayo inazunguka. Umesema vingine huanza kama mawingu tu yanayotoka huku Afrika, yakavuka maji na kunenepa njiani. Kumbe hata dhoruba lazima iende Amerika ndipo inenepe! Nilicheka, halafu nikakasirika.

Nisikufiche, nilikuonea wivu hata kwa hicho kimbunga. Kinapewa jina kama mtoto. Redio inatangaza kiko wapi, kinaelekea wapi na kitafika lini, nanyi mnapigilia mbao madirishani na kuhama pwani mapema. Mwezi wa nne upepo uling'oa mabati yetu hapa Kawangware bila kupiga hodi. Tulilala kwa jirani yetu Phanice, na mama alikuja kunitazama baada ya wiki nzima.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana wengine watakusimulia na watatia chumvi.

Mama alisikia kwenye redio kwamba bahari imepanda mpaka ndani ya mji wenu na kuzoa nyumba za ufuoni. Tulikwenda posta kupiga simu mara tatu, haikuingia. Hatukujua kwamba nyaya zilikuwa zimeanguka. Jumatatu iliyopita, baada ya siku kumi na mbili bila neno, mama alitoka nje ya nyumba yake pale mtaa wa Raila akapiga nduru. Unawajua watu wetu. Kabla ya saa sita mchana turubai lilikuwa limefungwa, viti vya kanisa vimefika, na nyimbo zimeshika. Hakuna aliyeuliza mwili uko wapi. Nicanor alijaribu kusema tungoje kidogo, akaambiwa mkwe hana mdomo matangani.

Filister, ulisifiwa! Eti wewe ndiye uliyekuwa na adabu, wewe ndiye uliyempenda mama. Nilisikia hayo yote nikiwa nimeinamia sufuria, nikiwapikia waliokuja kukulilia. Mimi ndiye ninayemfulia mama kila Jumamosi. Wewe humtumia picha.

Lakini Jumatano mama alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Aluoch, nyathina, sasa nimebaki na wewe tu. Usiniache." Mtoto wangu! Kwa miaka thelathini na minne sijawahi kusikia neno hilo likielekezwa kwangu.

Alhamisi nikapitia posta, nikaujua mwandiko wako kabla sijafungua. Nilisoma nimesimama, nikalia kwa furaha, naapa kwa Mungu. Kisha nikaitia barua ndani ya blauzi nikarudi matangani. Mama alikuwa ameniwekea kiti karibu naye. Nikajiambia, kesho. Ijumaa nayo nikajiambia, kesho.

Umeandika kwamba katikati ya kimbunga kuna jicho, mahali patulivu, na watu hutoka nje wakidhani yamekwisha kumbe upepo wa upande wa pili unakuja. Mimi nilikaa humo siku mbili.

Jana asubuhi walileta wembe wa kumnyoa mama nywele za msiba. Mama alikuwa ameshavua kitambaa, na Mama Marvin wa kanisani alikuwa ameanza kumlowesha nywele. Unajua kwetu mtu hanyolewi kwa ajili ya aliye hai, ni kumwitia kifo. Nikapiga kelele, "Wachana na hiyo wembe! Filister ako hai!"

Nikasoma barua mbele ya wote. Walipiga vigelegele hata watu wa mtaa wa pili, Kambi Muru, wakaja kuuliza kuna harusi gani. Mama aliibusu karatasi, akacheza, halafu akanigeukia: "Hii imekuja lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi."

Umesema kimbunga kikifika nchi kavu hukosa maji ya moto kikafa polepole. Wivu wangu haujafa. Tangu jana ni Filister, Filister, na kile kiti changu amekikalia Mama Marvin.

Mama hajui kusoma muhuri wa posta, na Nicanor sijamwambia. Ukitaka kumwambia mama, mwambie, sitakana. Ulikuwa hai, nami nikakuacha umekufa siku mbili zaidi ili nipate mama.

Kaka yetu Ken anakusalimu, na Phanice pia. Mungu aiambie bahari ikae mahali pake, na akulinde wewe na hilo paa jipya ulilosema mmeezeka.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokuonea wivu,
Aluoch