Balbu Kubwa za Barabara ya Kakuma

Lodwar, Alhamisi, mwisho wa Februari 1976

Leo upepo umevuma mchana kutwa na mchanga umeingia hadi kwenye chai. Joto ni lile lile. Nina hamu ya kwetu, na siku hizi nikisema kwetu simaanishi Vihiga nilikozaliwa. Namaanisha chumba kimoja cha mabati huko Kakuma.

Humo ndimo wanamokaa Rhoda, mke wangu, na binti yetu Kageha, aliyetimiza mwaka juzi juzi. Rhoda alipangiwa kufundisha Kakuma, mimi nikabaki hapa kama dereva wa ofisi ya mifugo. Tumeandika barua za kuomba tuwekwe pamoja mpaka tumechoka. Kwa hiyo nawaona mara moja kwa mwezi, ninapopeleka chanjo ya ng'ombe. Desemba safari ilifutwa. Januari nilienda, usiku mmoja tu.

Safari ya mwezi huu ni kesho, na asubuhi Bwana Afisa amesema pikapu haitoki mpaka taa zitengenezwe. La sivyo, chanjo itabebwa na gari la idara nyingine, na dereva wao.

Simlaumu. Tuliporudi Januari dashibodi ilikuwa inanuka plastiki inayoungua, na swichi ya taa ilikuwa moto hata haishikiki. Na hatuwezi kusafiri mchana. Jua la saa sita linaharibu chanjo hata ikiwa ndani ya barafu, na ng'ombe huchanjwa alfajiri kabla hawajatawanyika malishoni. Tunaondoka saa kumi jioni, tunafika giza limeingia.

Nimeanza na fyuzi. Mahali pa fyuzi nimekuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri. Niliiweka mimi. Fyuzi tatu ziliungua mfululizo, ya nne nikaikosa, nikafanya vile kila dereva wa huku hufanya. Zile fyuzi zilikuwa zinanionya, nami nikazifunga mdomo.

Kisha akaja Ekai, mkalimani wetu, Mturkana wa Kaaleng ambaye hukaa kando yangu safari zote. Umeme haujui, ila kunichokoza anakujua vizuri. Akanisalimu kwa Kiturkana:

"Ejok, Baba Kageha. Gari nakula nini leo?"

"Ejok. Inakula waya."

Nikawasha taa, nikaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye swichi hadi mbele. Ulikuwa moto kote. Kiungo kibovu hupata moto pale kilipo tu, lakini waya mzima ukiwa moto ujue umebebeshwa mzigo usio wake. Jibu nililijua tangu mwanzo. Hata hivyo nimezunguka nusu siku nikisugua kutu na kukaza skrubu, kama mtu asiyejua lolote.

Balbu ni kubwa mno, na niliziweka mwenyewe.

Ngoja niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nilizinunua Januari kwa mtu aliyetoka Kitale. Bwana Afisa nikamwambia ni za kutuwezesha kuona ngamia barabarani. Uongo mtupu. Rhoda aliniandikia kwamba siku ya safari hutoka nje na mtoto, akasimama akitazama upande wa Lodwar. Nikataka anione mapema. Nami nikataka nimwone mapema, hata kwa dakika mbili. Kwa mtu aliyekaa miezi miwili bila mkewe, dakika mbili si kitu kidogo.

Na kweli nilimwona. Ekai alishuka lagani, ule mto mkavu, kuniongoza mchangani, nikapanda ukingo nyuma yake, na taa zikampiga Rhoda amesimama mlangoni na Kageha mkononi. Nikaruka nje injini ikiwa bado inanguruma, nikanyoosha mikono. Mtoto wangu akapiga ukelele, akajificha shingoni mwa mama yake. Alilia mpaka akalala. Alfajiri niliondoka kabla hajaamka.

Mtoto wangu hanijui. Nimetembea na neno hilo mwezi mzima, sijamwambia mtu.

Dawa halisi ya waya huu ni rilei, kile kidude kinachobeba umeme wa taa badala ya swichi. Kiko Kitale, na hata nikiagiza leo kitachukua wiki nyingi. Basi nimetoa balbu kubwa, nimerudisha zile ndogo za zamani, nimekata waya ulioungua na kuunga mwingine, na nimeomba fyuzi halisi kwa fundi wa misheni. Tumewasha robo saa nzima, mkono wangu juu ya waya. Vuguvugu tu. Bwana Afisa ameishika swichi mwenyewe, kisha ametia sahihi.

Kesho naenda!

Ekai alikuwa amesimama mbele ya gari, anazitazama taa. "Sasa iko mzuri," akasema. "Ile ingine ilikuwa naumiza macho. Hata mtoto yako alilia hiyo taa."

Nikamwomba arudie.

"Mimi mtu mzima nilifunga macho. Yeye ni mtoto. Aliona moto mbili nakuja, halafu mtu natoka ndani ya moto."

Nikageuka nikajifanya natafuta spana. Machozi yalikuwa yamenijaa, na Ekai angeyataja ofisi nzima.

Nataka sana kumwamini. Lakini Ekai ana moyo mwema, na mwenye moyo mwema husema lolote ili mwenzake atulie. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, mwezi ni mrefu, na mimi nimekuwa naye siku za kuhesabu kwa vidole. Kesho nitasimamisha gari mbali kidogo na nyumba, nizime taa, nitembee polepole hadi mlangoni nikiita jina lake.

Asipolia, zilikuwa taa. Akilia, ni mimi.