Miche Niliyosema Ichomwe

Jumapili, mwishoni mwa Septemba. Hapa Mazwi upepo bado una baridi, sijavua koti tangu asubuhi. Ila moyo unaniwaka.

Jana nilishuka bondeni, Kaoze, kumwona mdogo wangu Skola. Alinipa shikamoo, kisha akanipeleka moja kwa moja shambani. Nyanya zake zimekuwa za rangi ya kutu, majani yamefungwa utando. Niligeuza jani moja. Utitiri, kama vumbi jekundu linalotembea.

"Kaka, hii ndiyo miche uliyonitumia kupitia kwa Desideri," alisema.

Sikumtumia miche yoyote, ila nilitaka kumsikia Desideri kwanza kabla ya kumwambia hivyo.

Nieleze kidogo kwa anayesoma. Utitiri ni ndugu wa buibui, hufyonza utomvu wa majani, na joto ndilo linaloamua mwendo wake. Huku juu penye baridi, yai huchukua wiki kadhaa hadi kuwa jike linalotaga. Bondeni, penye joto na ukavu, ni kama wiki moja tu, na kila jike hutaga zaidi. Wachache wa huku, wakifika kule, huwa jeshi kabla mwezi haujaisha.

Ndiyo maana Julai, tulipouona kwenye kitalu chetu, mimi na Desideri, rafiki yangu tangu ujana, tulikubaliana miche yote ichomwe. Nikaenda msibani Kipili. Niliporudi alinionyesha majivu, nikamshukuru.

Kumbe yalikuwa majivu ya mabua ya mahindi.

Leo baada ya misa nimemuuliza. Hakukana.

"Mwalimu, nimeimwagilia wiki sita, mkono ukakataa. Halafu wewe mwenyewe ulisema baridi inaulemaza."

Nilisema, kweli. Nilisema pia kwamba kulemaa si kufa. Hiyo aliiacha.

Miche ningemsamehe. Ninachoshindwa kumeza ni kwamba alimwambia Skola imetoka kwangu, maana alijua kwa jina langu hatageuza hata jani moja kuikagua. Na hakugeuza. Sasa msimu wake wote wa nyanya umekwisha, na anadhani ni mimi.

Jumanne nashuka tena tuing'oe na kuichoma, safari hii mbele ya macho yangu. Nimemwambia Desideri aje, amweleze Skola kwa kinywa chake. Amesema atafikiria.

Nitamwekea nafasi kwenye gari, pembeni yangu. Je, nataka kweli aje?