Mabomba ya Baba Yanarudi Ilula

Uyole, Mbeya

Kaka Lusungu,

Kamwene. Natumaini wewe na wifi mko salama, nyanya zinaiva, na abiria wanaoshuka kwenye mabasi wanazinunua bila kuzibonyeza sana. Sisi huku hatujambo, ila tumelowa. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu huipokei. Dereva nimemwagiza akukabidhi barua hii kwanza, kabla hujaona alichobeba.

Nikukumbushe kidogo, maana kumbukumbu yako hufanya kazi vizuri upande wako tu. Siku tulipoanua matanga ya baba, baba mdogo alisimama mbele ya ukoo akagawa. Shamba lote la bondeni, hadi mtoni, likaenda kwako. Mimi nikapewa yale mabomba ya plastiki ya kijivu ya kumwagilia nyanya. Sababu akaitoa hapo hapo: "Binti huolewa akahama. Apewe kinachobebeka." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Wewe ulikuwa unaitazama kofia yako kana kwamba nayo inagawiwa. Mama alikuwa jikoni anapakulia wageni, na jioni ukaniambia kwamba ameridhia. Nikayabeba.

Tulipojenga, ni wewe uliyepiga simu. Ulisema nikinunua mabomba mengine nitakuwa nimemtupa baba. Ukamtuma na fundi wako wa huko, yule anayekutengenezea mifereji. Akafanya kama mnavyofanya shambani: akawasha moto wa magunzi, akalainisha ncha ya bomba, akalisukumiza ndani ya jingine, akaviringisha mpira wa baiskeli juu yake, akaziba ukuta, akala, akaondoka. Shambani kiungo kikivuja, nyanya inashukuru. Ukutani sijamwona wa kushukuru.

Tena ni mabomba yaliyoanikwa juani tangu nina meno ya utoto. Huku maji ni ya mgao, na yakikatika hurudi kwa hasira. Lilianza la jikoni. Likafuata la chooni, kisha lile la koridoni ambalo lilikuwa linapiga mluzi kabla ya kupasuka, angalau lenyewe lilikuwa na adabu ya kubisha hodi. Kila lilipopasuka tulifunga mpira. Ilifika mahali nyumba yangu ina mipira mingi kuliko gereji ya baiskeli, na shemeji yako alikuwa hawezi kupigilia hata msumari wa kutundika kalenda bila kuomba kwanza.

Jumapili ya juzi tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Maji yakarudi, na ukuta wa chumba anacholala mama tangu aje kukaa nasi ukatema plasta. Mama alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi. Godoro, blanketi, kitabu chake cha nyimbo, vyote vikaogelea. Na baridi ya Uyole mwezi huu ni ile ya kukuta majani ya viazi yameungua kwa umande ulioganda. Alikohoa wiki nzima. Wewe ulitumiwa ujumbe, ukajibu "poleni sana" na kamdoli ka kulia.

Nikamwita jirani yetu Ambakisye, ambaye ni fundi bomba. Akabomoa ukuta, akatoa kipande, akakikunja kidogo tu. Kikavunjika kama biskuti. Akaniuliza ni nani anayetuchukia kiasi hiki. Nikamwambia ni urithi.

Mama alikuwa kwenye kigoda, amejifunika blanketi langu, anatazama. Akauliza kwa nini takataka hizi sikuzitupa zamani. Nikamjibu kwa hasira, Mungu anisamehe, kwamba ndizo zote nilizopewa na baba, na kwamba yeye mwenyewe aliridhia.

"Nani kasema niliridhia?" Akaliweka blanketi sawa. "Lusungu alinifuata jikoni akaniambia wewe ndiye uliyelikataa shamba. Kwamba uko mbali, mabomba yanakutosha."

Ambakisye akaacha kugonga.

Kumbe, kaka. Ulichukua ridhaa ya mama ukaniletea mimi, ukachukua ya kwangu ukampelekea mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitoa. Kazi safi. Laiti fundi wako angekuwa anaunganisha hivyo.

Mama alimwambia Ambakisye ayang'oe yote, asiache hata kipande. Tumeweka mabomba mapya, na jana maji yalirudi, tukakaa tumetega masikio. Kimya. Ya baba mama ameyafunga mwenyewe kwa kamba ya katani, na vipande vilivyovunjika akavitia kwenye kiroba. Vyote viko kwenye hili fuso la viazi linalokwenda Dar. Ya kwamba hayafai kitu anajua. Hataki yapitishe maji. Maneno yake ni haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Nitayalaza pale pale yalipolala wakati wa baba yenu. Upande wa mlimani ni wa Lusungu. Upande wa mtoni ni wa Tumaini. Atakayeyasogeza anisogeze mimi kwanza."

Usijisumbue kuuliza kama nina mpango wa kulima. Ninao.

Msalimie wifi, mwambie sina neno naye. Msalimie sana shangazi wa Idodi, ambaye siku ile alikuwa peke yake kunisaidia kuyafikisha mabomba barabarani, kisha akanishika mkono. Baba mdogo naye mfikishie salamu zake: kinachobebeka nimekirudisha, na kisichobebeka nakifuata viazi vikishachimbwa.

Ukimaliza kusoma, inua macho. Mama amekataa basi, yuko kiti cha mbele kwa dereva. Mshushe taratibu, goti la kushoto linamsumbua. Mabomba unaweza kuyaburuta.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kuta zake zimeanza kukauka,

Tumaini