Rozari kwa Mdomo Mkavu

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Rozari ya mwezi mzima imeanza leo. Tunasali nyumba kwa nyumba, na leo watu wamejaa mpaka barazani. Mimi ndiye mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, kwa hiyo nimeongoza mimi. Sauti nzuri, kila mtu kasifia. Ndani — hakuna kitu. Ni hivi tangu Pasaka. Nasema Salamu Maria kama mtu anayetafuna unga mkavu wa muhogo. Hakuna msiba, hakuna ugomvi na mume wangu, Baba Rebeka, hakuna dhambi kubwa niliyoificha. Mungu amenyamaza tu. Au mimi ndiye kiziwi, sijui.

Nimeamua. Mwezi ukiisha naacha uenyekiti. Na ninavyojijua — nikiacha uenyekiti sitakanyaga tena jumuiya, na jumuiya ikienda, Misa nayo itafuata. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwenda kuungama. Nimemweleza Padre yote. Nilitegemea atanipa novena, au aniwekee mikono. Kasema niendelee, nisipunguze hata salamu moja. Basi! Ndiyo dawa hiyo? Hata zahanati wangenipa Panado!

Tulipotoka nje ya kanisa nikamwambia atafute mwenyekiti mwingine. Hakukataa. Kasema nimpelekee jina la anayefaa kabla ya Jumapili ya tarehe 20. Nimerudi nyumbani Magomeni na hasira njia nzima, mpaka nikampita jirani yangu Mwajuma bila salamu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Aibu! Aibu kubwa!

Jumamosi rozari ni ya matendo ya furaha, hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua. Mimi nikafungua mdomo: tendo la kwanza la uchungu, Yesu anatoka jasho la damu. Jana ndiyo ilikuwa uchungu, basi mdomo ukajiendea wenyewe. Hakuna aliyenikatiza. Kwenye tendo la pili, la mijeledi, ndipo katibu akanivuta kitenge. Sasa nirudi vipi? Nikaendelea hivyo hivyo mpaka msalabani, na mimi mwenyewe jasho linanitoka.

Kumbe Esta alikuwepo, kakaa nyuma, karibu na mlango. Esta kafiwa na mume mwezi wa saba, na tangu tulipomzika marehemu hajafungua mdomo kwenye sala. Leo kaitikia! Kwa sauti, huku analia. Tulipomaliza kanishika mkono, kanishukuru kwa kumhurumia, maana hayo ya furaha bado hayawezi.

Ningenyamaza nikapokea sifa. Nikashindwa. "Dada Esta, nimekosea tu. Akili haikuwepo."

Kanitazama, akacheka na machozi yake shavuni. "Basi ukosee tena."

Sikuhisi chochote, naandika ukweli. Lakini ming'oko ya leo, mizizi ile ya porini ya kuchemsha, nimeila ikanoga.

Jumatano, 9 Oktoba

Korosho zinatumalizia watu. Nusu ya jumuiya iko mashambani inaokota. Baba Rebeka naye anashinda bandarini na malori, anarudi ananuka magunia.

Mwajuma kaja kuomba ndimu. Nimemtaka radhi kwa siku ile, kisha nikamuuliza: hivi yeye akisali anasikia nini?

"Alfajiri? Nasikia usingizi!"

Jamani, tumecheka mpaka ndimu zikamwagika. Akaziokota, akasema kwamba angekuwa anasubiri asikie raha ndipo atawadhe, basi swala zote zingempita tangu usichana wake. Kasema kama anayezungumzia bei ya dagaa. Akaenda zake. 

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Watu wanne. Nimesali. Hakuna.

Jumatano, 16 Oktoba

Jambo la ajabu. Kikao cha wazazi shuleni kimechelewa kwisha, nami nikajikuta nimekasirika kweli kweli. Natazama saa, natazama mlango. Nakimbilia nini? Rozari! Rozari hii hii isiyo na ladha. Nimekwenda karibu mbio, kandambili mkononi. Sielewi. Mtu anakimbiliaje kitu alichokichoka?

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo rozari ni zamu ya nyumba yangu. Nimefagia, nimetandika mikeka, nimemwashia Bikira mshumaa. Mara katibu kaandika kwenye grupu la jumuiya: watu wote wako shamba, tuahirishe. Nikaandika "sawa" — nikaifuta. Nikakaa naitazama mikeka mitupu. Nikasema kwa sauti, Mungu, mimi nimekuja, Wewe uko wapi? Loo! Ndiyo sala yangu ya kwanza tangu Pasaka ambayo sikuikariri.

Hodi. Esta, peke yake, vumbi la shamba mpaka magotini. Nikamwambia yote pale pale mlangoni: kwamba sisikii kitu, kwamba nimeshaomba kuachia uenyekiti. Nilidhani atavunjika moyo.

"Na miezi yote hiyo ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa nakuja."

"Wewe!" Akatikisa kichwa. "Basi leo pumzika, Mama Rebeka. Naongoza mimi, wewe uitikie."

Esta, ambaye hajawahi kuongoza hata sala ya chakula!

Kaenda kunawa miguu uani, nami naandika haraka haraka huku chumbani. Simu inaita — Padre. Anataka jina. Ningempa sasa hivi yakaisha. Imekatika. Inaita tena.

Esta ameshakaa mkekani. Hakunisubiri, ameanza Nasadiki peke yake. Amefika "akafa, akazikwa". Amekwama hapo. Anarudia: "akazikwa..." Ananiita, nimkumbushe yanayofuata, mpaka kufufuka.

Simu iite tu. Naenda —